Mazingira ya Shule na Somo la Dini ya Kikristo

(Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa shule za sekondari)



Katika shule nyingi za sekondari za Kenya, mwanafunzi afikapo wakati wa kuchagua masomo ya mtihani hulichukua somo la Dini ya Kikristo kwa kudhani kwamba ni jepesi. Amelelewa na wazazi Wakristo, amekwenda kanisani kila Jumapili, na habari za Ibrahimu na Musa amezisikia tangu utotoni. Matokeo yatokapo, wazazi hushangaa kuona kwamba mtoto hodari wa kuimba na kusali amepata alama ndogo. Aghalabu sababu yake kubwa ni mahali anapojifunzia.

Yafaa kwanza kufahamu mtihani wenyewe wataka nini. Mtihani wa Cheti cha Elimu ya Sekondari, ulioanza kufanywa mwaka 1989, una karatasi mbili za somo hili. Mwanafunzi huulizwa juu ya manabii Amosi na Yeremia, juu ya Nehemia alivyoujenga tena ukuta wa Yerusalemu, juu ya Injili ya Luka, juu ya dini za asili za Kiafrika, na juu ya ndoa, kazi, mali na sheria katika maisha ya leo. Haulizwi kama anaamini. Hutakiwa aeleze na aonyeshe jinsi mafundisho hayo yanavyotumika. Tena hujibu kwa Kiingereza, ilhali Biblia aliyoisikia nyumbani ilisomwa kwa Kikikuyu, Kijaluo, Kikamba au Kiswahili. Mtoto aweza kuijua habari ya Amosi barabara, akakosa maneno ya kuiandikia.

Jambo la kwanza, basi, ni vitabu. Somo hili halihitaji maabara. Lahitaji Biblia na kitabu cha darasa. Pale ambapo wanafunzi watano huchungulia Biblia moja, mwalimu hulazimika kuwaandikia maelezo ubaoni, nao huyakariri bila kuzisoma aya zenyewe. Swali likigeuzwa kidogo tu, hupotea njia.

Jambo la pili ni nafasi ya kusoma. Mwanafunzi wa bweni ana taa na saa za kusoma jioni. Yule wa kutwa hutembea mwendo mrefu, akafika nyumbani akachota maji na kusaidia jikoni, ndipo afungue daftari usiku, pengine kwa mwanga wa koroboi. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipa gharama za mafunzo katika shule za sekondari za umma, na watoto wengi wakapata nafasi ambayo wakubwa wao hawakuipata. Lakini madarasa nayo yalijaa, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kusahihisha insha za wote kila juma. Somo hili hujifunzwa kwa kuandika na kusahihishwa.

Jambo la tatu ni mwenendo wa shule. Shule nyingi za Kenya zilianzishwa na misheni, kama Maseno mwaka 1906 na Alliance, huko Kikuyu, mwaka 1926. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo imewapa wafadhili kazi ya kuangalia mambo ya kiroho shuleni. Hata hivyo, sala za asubuhi peke yake hazimfaulishi mtu. Ikiwa kipindi cha Dini huchukuliwa kila mara kwa ajili ya hisabati, wanafunzi hutambua upesi ni somo gani linalodharauliwa. Na pale mnyonge anapoonewa bwenini bila kutetewa, mafundisho ya Amosi juu ya haki hubaki maneno matupu. Lakini mahali ambapo kosa husikilizwa kwa haki na mgeni hupokewa vyema, mwanafunzi huwa na mfano mbele ya macho yake, naye hujua la kuandika.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi aweza kumnunulia mtoto Biblia ya Kiingereza na kumwachia saa moja ya utulivu jioni. Mwalimu Mkuu aweza kuvilinda vipindi vya Dini visichukuliwe. Kanisa lililo mfadhili laweza kuleta vitabu pamoja na mahubiri. Kila mmoja akitimiza sehemu yake, mtoto atauingia mtihani akiwa tayari.