Mtoto na Jicho la Pili: Mhadhara wa Umma kuhusu Kusomesha Watoto Nyumbani



Tarehe 17 Machi 2020 shule zetu za Tanzania zilipofungwa kwa sababu ya korona, mimi niliyezoea kufundisha walimu nilijikuta na mwanafunzi mmoja tu, mwanangu wa Darasa la Tatu. Asubuhi ya kwanza nilimpa kitabu chake cha kusoma. Alisoma ukurasa mzima kwa sauti ya kuimba, bila kukwama. Nikafunika maneno kwa kiganja, nikamwambia arudie. Akaendelea kusoma yaleyale, macho yapo dirishani. Kumbe alikuwa amekariri. Ripoti zake za shule zilikuwa zimejaa A. Katika darasa lililofurika alikuwa amejifunza kuitikia pamoja na wenzake, na hakuna aliyemgundua. Tukaanza upya, silabi kwa silabi, na shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni alikuwa anasoma kweli.

Nikajipongeza. Wiki haikuisha, mwalimu wake akanipigia simu: "Mzazi, mtoto haoni ubaoni. Mpeleke akapimwe macho." Alipimwa, akapewa miwani. Zaidi ya miezi mitatu nilikaa naye meza moja na sikujua, kwa sababu nyumbani kila alichokitazama kilikuwa karibu.

Hoja yangu yote ya jioni hii imo katika kisa hicho. Nyumba iliona kilichoipita shule, kisha shule ikaona kilichoipita nyumba.

Wanaosomesha nyumbani ni akina nani?

Sizungumzii tuisheni ya jioni. Nazungumzia mzazi anayeamua kwamba mtoto wake hataandikishwa shule yoyote, na kwamba yeye, au mwalimu anayemlipa, atabeba mzigo wote. Huko Marekani jambo hili lilipata msukumo mkubwa baada ya mwalimu John Holt kukata tamaa ya kuzirekebisha shule na kuanzisha, mwaka 1977, jarida la wazazi waliowatoa watoto wao darasani. Mwaka huohuo wa 1977 Tanzania ilikuwa inafanya kinyume chake: inahimiza kila mtoto aingie shule, kwa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Wao walikuwa wanaikimbia shule waliyoizoea. Sisi tulikuwa tunaikimbilia shule tuliyonyimwa. Ndiyo maana mjadala wa kwao hauwezi kuhamishiwa kwetu kama ulivyo.

Hata hivyo wazazi wa namna hiyo sasa tunao Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa. Yupo mama mwenye mtoto mwenye usonji ambaye shule tatu zimemwambia kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Yupo mtoto wa selimundu anayekosa nusu ya muhula akiwa hospitali. Wapo wazazi wanaohamishwa na kazi kila mwaka, na wanaotaka malezi ya dini yao. Na wapo waliochoshwa na honi ya gari la shule saa kumi na moja alfajiri, mtoto anapandishwa akiwa bado na usingizi, anarudishwa jua limezama, kisha anafungua madaftari ya kazi za nyumbani.

Kwa hawa, faida ni za dhahiri. Mtoto mmoja mbele ya mwalimu mmoja hahitaji saa nane kwa siku. Asiyeelewa sehemu katika hesabu hangoji wenzake wamwache. Atarudia leo, kesho na keshokutwa, akipima unga na kukata chapati mpaka robo na nusu zimwingie. Anayeelewa haraka hasinzii. Mtoto aliyekuwa anachekwa kwa kigugumizi anapata mahali pa kuzungumza bila hofu. Na analala.

Somo kutoka Mtoni

Pwani yetu haikuanza kusomesha nyumbani jana. Mwana Kupona binti Msham alimwachia binti yake utendi wa mausia katikati ya karne ya 19, na utendi huo unasomwa mpaka leo. Huo ni ushahidi wa kile ambacho nyumba inaweza kutoa.

Lakini tazameni na upande wa pili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alifundishwa ndani ya kasri, chini ya mwalimu aliyewekwa na familia. Alifundishwa kusoma, kuandika hakufundishwa, kwa kuwa wakubwa waliona kwamba mtoto wa kike hana haja nako. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na leo hatuwezi kuisimulia Zanzibar ya wakati ule bila yeye.

Tunamsifu Salme kwa ujasiri wake, na anastahili. Ila tukumbuke kwamba nyumba ile haikukosa mali, mwalimu wala mapenzi. Ilikosa mtu wa nje wa kuuliza: na huyu binti, mbona haandiki?

Hasara isiyosemwa

Wengi wakisikia habari ya kusomesha nyumbani huuliza kwanza: mtoto atapata wapi marafiki? Swali hili ni la haki, lakini halinitishi sana. Mitaa bado ina watoto, misikiti na makanisa yana watoto. Na shule ya ada ya mamilioni nayo haimkalishi mtoto wa bosi dawati moja na mtoto wa dereva wa bodaboda.

Kinachonitisha ni ukimya. Mwalimu wa darasa ndiye mara nyingi wa kwanza kuona alama ya fimbo mgongoni, njaa ya asubuhi, au binti aliyeacha ghafla kucheka. Katika nchi zetu maneno "anasomea nyumbani" yanaweza kuwa ya kweli, na yanaweza kuwa pazia: nyuma yake yupo binti wa miaka 11 anayeosha vyombo vya watu, anayelea wadogo zake, au anayeandaliwa kuolewa. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978, iliyomlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka 7, haikutungwa kumsumbua mama msomi wa Mikocheni, Dar es Salaam. Ilitungwa kwa ajili ya binti huyu.

Kuna pia gharama inayomwangukia mama. Familia ikiamua kusomesha nyumbani, kwa kawaida si baba anayeacha kazi. Na mtoto akikua, meza ya jikoni haina maabara, wala mzazi mmoja hawezi kuwa mwalimu wa fizikia, Kiswahili na historia kwa pamoja.

Kati ya kufuli na mlango wazi

Mataifa yamelijibu suala hili kwa njia zinazopishana. Ujerumani inamtaka mtoto awe shuleni, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubalia msimamo huo mwaka 2006. Uingereza inamruhusu mzazi kuelimisha shuleni au kwingineko. Kenya, kwa Katiba ya 2010, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na imewahi kushuhudia mzazi akikamatwa kwa kuwasomesha wanawe nyumbani.

Mimi sipendekezi kufuli la Ujerumani, wala mlango ulioachwa wazi usiku kucha. Mzazi mwenye sababu aandikishe uamuzi wake kwa Afisa Elimu Kata. Mtoto awe na jina katika shule ya jirani, aruhusiwe kwenda huko kwa michezo, maktaba na maabara. Kila mwaka mwalimu asiye ndugu yake amsikilize akisoma, amwone akiandika, azungumze naye mzazi akiwa nje ya chumba. Baraza la Mitihani la Tanzania tayari linawapokea watahiniwa wa kujitegemea. Tunachokosa ni njia ya kumfuatilia mtoto kabla hajafika kwenye mtihani.

Tunaambiwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tumezoea kuitumia methali hii kama tishio. Mimi naisikia pia ikinitajia walimu wawili, na sioni kwa nini mtoto achaguliwe mmoja.

Wazazi hunijia ofisini wakitaka baraka zangu. Siwaulizi kuhusu mtaala. Huwauliza hivi: mbali na ninyi, nani mwingine atamtazama mtoto huyu wiki hii? Mzazi akinitajia watu watatu bila kufikiri, namtakia heri. Akinyamaza, namwomba asubiri kwanza.