Kiti cha Mbao Mbili: Tuache Kukaa Juu ya Reli

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama na mmoja wa wafanyakazi wa njia ya reli, aliporudi likizo kutoka visiwa vya Amu.)



Twaomba radhi kwanza. Sisi si mafundi seremala, wala si wasemaji. Sisi ni watu wa njia. Kazi yetu ni mataruma na kokoto, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Lakini Katibu ametutaka tueleze habari ya kiti tulichokileta kutoka Amu, maana wengi wamekiona na wengine wamekicheka. Basi leo tutaeleza jinsi kinavyotengenezwa, na kwa nini twaona kila genge lapaswa kuwa navyo.

Wengi wenu mwalijua jambo lililotupata wakati wa mvua zilizopita. Tulikuwa watu sita, saa sita mchana, tumekaa juu ya reli tunakula. Mahali penyewe palikuwa karibu na kona, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwetu kwenda upande wa kona, kwa hiyo hatukusikia kitu. Mara kitoroli cha injini kikatokea. Watano tuliruka. Wa sita alikuwa ameinama juu ya chakula chake, akavutwa kwa ukosi wa shati. Bakuli lake lilisagwa likawa kama karatasi. Hakuna aliyeumia, lakini siku ile hakuna aliyekula tena, na yule ndugu mikono ilimtetemeka mpaka jioni.

Hatukumlaumu mtu mwingine. Kila mtu wa njia huambiwa siku ya kwanza ya kazi kwamba reli si kiti. Twajua sote, na sote twakaa. Kwa nini? Kwa sababu chini pana kokoto zenye kuchoma kama kikaango, au pana matope, au pana siafu. Mtu aliyeshika sururu tangu alfajiri mgongo wake wataka mahali pa kutua, na reli iko pale mbele yake, imenyooka, tena kavu. Kumwambia mtu "usikae hapa" bila kumwonyesha atakaa wapi ni nusu ya neno. Nusu ya pili tuliipata Amu.

Mwenzetu mmoja wa genge ni mtu wa Faza, katika kisiwa cha Pate. Alitualika likizo wakati wa kaskazi, bahari ilipotulia. Tulikwenda kwa basi mpaka Mokowe, kisha kwa mashua. Ndugu zake ni wavuvi, nao wakati huo hawalali nyumbani, huenda dago. Kwa ndugu wa bara ambao hawalijui neno hili, dago ni kambi ya wavuvi. Watu hufunga chombo pwani ya mbali, karibu na samaki, wakapiga kibanda cha makuti au cha tanga kuukuu, wakakaa hapo siku nyingi, wakivua, wakikausha samaki, wakipika na kulala mchangani. Sisi tulikwenda dago upande wa Kiwayu.

Tulipokuwa Mombasa tulikuwa tumenunua kiti cha kukunja, cha mabomba ya chuma na kitambaa, kwa fedha ambayo hatupendi kuitaja mbele ya mama zetu. Siku ya kwanza miguu yake minne ilizama mchangani, tukaanguka kwa nyuma mbele ya watu wote. Siku ya tatu chumvi ilikwisha kuzila ribiti. Siku ya tano kitambaa kilipasuka. Vijana wa dago walikichukua kile chuma wakakitumia kuanikia nyavu.

Katika dago lile palikuwa na mzee mmoja aliyepita miaka sabini. Kila alasiri aliegemea juu ya mbao mbili zilizopitana, miguu ameinyosha, anashona wavu. Hazikuwa na msumari wala kamba. Alipoona masikitiko yetu alisimama akasema, "Ndoo uketi, mwanangu." Tulikataa, maana si adabu kijana kukaa na mzee amesimama. Akasema, "Keti uone, kisha utaniondokea." Tuliketi. Kiti hakikuzama wala hakikuyumba, na mgongo ukapata pa kulala.

Mzee alitueleza kwamba miaka miwili kabla ya hapo alitaka kuacha kwenda dago. Bahari alikuwa akiiweza. Kilichomshinda ni kukaa chini mchangani, kwa maana akikaa hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono, na mtu mzima huona haya kushikwa mkono kila siku. Ubao wa mashua iliyovunjwa ndio uliomrudisha kazini. Maneno haya tuliyaweka moyoni. Kiti kinaweza kumpa mtu miaka zaidi ya kazi yake.

Sasa namna ya kukitengeneza. Wenye kalamu waandike.

Tafuta ubao mmoja wenye urefu wa futi 6, upana wa inchi 10, na unene wa inchi 1 na robo. Ukate vipande viwili: kimoja inchi 38, hicho ni cha mgongo, cha pili inchi 34, hicho ni cha kukalia.

Chukua ubao wa mgongo. Pima inchi 9 kutoka chini, upige mstari. Juu ya mstari huo chora tundu lenye upana wa inchi 6 na kimo cha inchi 1 na robo tatu, likae katikati, ili kila upande zibaki inchi 2 za mbao. Toboa pembe nne kwa keekee, kisha ulifungue tundu kwa patasi. Usiwe na haraka hapa, na uangalie pasiwe na kifundo karibu na tundu, maana hapo ndipo ubao utakapopasuka.

Chukua ubao wa kukalia. Inchi 15 za mbele ziache kama zilivyo. Inchi 19 zilizobaki zipunguze kwa msumeno, kila upande inchi 2 na kidogo, upate mkia wenye upana wa inchi 5 na robo tatu. Pale mkia unapoanza patabaki mabega mawili. Mabega hayo ndiyo yanayoshika kazi yote.

Kisha pitisha mkia katika tundu, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka mabega yaguse ubao wa mgongo. Miguu ya kiti ni miwili tu: chini ya ubao wa mgongo, na ncha ya mkia kule nyuma. Ukikaa, uzito wako unayasukuma mabega, na kiti kinajikaza chenyewe. Na kwa kuwa kinasimama juu ya mbao pana, si juu ya vijiti, hakizami katika mchanga, wala hakitafuti mahali sawa juu ya kokoto. Kazi ikiisha chomoa mkia, laza mbao mbili pamoja, funga kamba, uweke begani. Wale waliokulia pwani wataona kwamba si jambo geni: marufaa ya kusomea Msahafu hupitana vivyo hivyo, na mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa vivyo hivyo. Na viti vya mbao mbili za namna hii hutengenezwa pia Kongo na Malawi.

Tukubali kosa letu. Kiti cha kwanza tulichokitengeneza hapa tulifungua tundu kimo cha inchi 3, kwa kudhani nafasi ni hisani. Msimamizi wa genge ndiye aliyekaa wa kwanza, na kiti kikamlaza kama mtoto kitandani. Hakufurahi. Basi msizidishe kipimo cha tundu.

Sasa habari ya mbao. Usinunue mpya kama una macho. Kule Amu, mafundi wa vyombo wa Matondoni hubakiwa na vipande vya mbao, na ubao wa chombo kilichovunjwa umekwisha kukauka miaka mingi. Mbambakofi hudumu sana, lakini ni mzito. Kwa mtu wa kubeba begani mwembe watosha. Sisi hapa tulitumia mbao za masanduku makubwa ya mizigo, kwa ruhusa. Twakaza neno hilo, kwa ruhusa: mali ya kazini isiyotolewa ni wizi, hata ikiwa imelala katika majani. Kwa kuhifadhi, wavuvi hupaka sifa, yaani mafuta ya papa wanayopaka vyombo vyao. Sifa huzuia maji, lakini harufu yake itakufuata mpaka kanisani au msikitini. Mafuta ya kupaka mbao ya dukani, kidogo tu, yatafaa.

Wala msikate mikoko. Lamu na pwani yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwa mamia ya miaka boriti za huko zilisafiri kwa majahazi kwenda Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ilipokataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Ndani ya mikoko hiyo ndimo samaki na kamba wanamokulia, na kuikata kwataka kibali. Tusijifanyie viti kwa kumkatia mvuvi riziki yake.

Ndugu, kabla ya kuondoka tulipita mji wa Amu, ule mji wa kale uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Katika jumba la makumbusho tulionyeshwa kiti cha enzi. Ni kiti kirefu cha mti mweusi, kimetiwa mapambo ya pembe na mifupa, kimesukwa kwa uzi, kina pa kuwekea mikono na pa kuwekea miguu. Kilikuwa cha mwenye cheo au mgeni mkubwa. Tukatoka nje, na katika vichochoro tukaona baraza za mawe mbele ya milango, na juu yake wamekaa mpagazi, mwalimu, mvuvi na mwenye duka, begani kwa begani. Tukaambiana: mji huu ulijua mambo mawili, kiti cha mmoja na kiti cha wote. Katika kazi zetu kiti cha mmoja hakikosekani, msimamizi anacho. Kinachokosekana ni cha wote.

Hapa pana jambo la chama, nalo lisipotee katika takataka za msumeno. Mtu asije akasema, "Kwa kuwa wafanyakazi wamejitengenezea viti, mambo yamekwisha." Hayajaisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi anayepata nafasi ya kukaa bila kuharibu kazi yake awekewe mahali pa kufaa pa kukaa. Haki hiyo haihitaji sisi kuwa maseremala. Kwa hiyo twaomba Halmashauri iendelee kudai mabenchi na kivuli katika kila kambi ya genge, kwa maandishi, na majibu yasomwe mbele yetu.

Lakini barua ina safari yake, na kitoroli kina safari yake, nacho ni chepesi kuliko barua. Kati ya leo na siku ya jibu, watu watakula mchana, na watakaa mahali. Tusingoje.

Mpaka sasa genge letu lina viti sita. Tumeweka kanuni tatu, nazo twazileta kwenu. Kwanza, kiti kiwekwe mbali na njia, upande wa nje wa mtaro, na mtu mmoja akae ameelekea kona. Pili, mwenye umri mkubwa na mwenye kuumwa apewe kiti kabla ya wengine. Tatu, atakayeonekana amekaa juu ya reli, awe mkubwa au mdogo, atatengeneza kiti kimoja kwa mkono wake na kukitoa kwa genge. Kwa kanuni hii ya tatu tumekwisha kupata viti viwili, na kimoja kati ya hivyo, ndugu zangu, ni cha huyu anayesema.

Yule ndugu aliyevutwa kwa ukosi ndiye aliyetengeneza kiti kizuri kuliko vyote. Siku ya kwanza alikibeba mpaka chini ya mti, mbali kabisa na njia, akaketi, akafungua bakuli lake jipya, akala mpaka mwisho.

Kiti chenyewe kipo pale mlangoni. Mkitoka kipimeni, kikalieni, na jumamosi mje na misumeno.

Umoja ni nguvu.