Kuweka Soketi za Umeme Ndani ya Gari la Kulala

Ninyi mlio darasani shikeni kalamu, maana leo tuna hesabu kidogo.

Yako magari ambayo watu husafiri nayo porini na kulala humo humo. Wasafiri hao wanataka taa, wanataka kujaza simu zao, na wanataka jokofu dogo la kuwekea chakula. Basi fundi huweka kibao chenye soketi na swichi, akakiunga na betri ya pili, isiyo ya kuwashia injini.

Betri hiyo ina volti 12 tu. Mtu akiigusa kwa mkono mkavu harushwi. Kwa sababu hiyo wengi huidharau. Lakini umeme huu, hata kama haurushi, unachoma. Waya wa chanya ukigusa bati la gari, betri hutoa umeme mwingi kwa ghafula. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, na mpira wake huwaka. Na ndani ya gari watu wamelala.

Mlinzi wetu ni fyuzi. Ndani yake mna kipande chembamba cha madini. Umeme ukizidi, kipande hicho huyeyuka na njia hukatika. Kumbukeni: kazi ya fyuzi ni kulinda waya.

Sasa tupige hesabu. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Jokofu lina wati 60. Gawanya kwa 12, ni ampea 5. Chaja mbili za simu zina wati 36. Ni ampea 3. Taa ina wati 12. Ni ampea 1. Jumla ni ampea 9. Basi tutatia fyuzi ya ampea 15, na waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa milimita 4 za mraba. Fyuzi iwe kubwa kuliko kazi, lakini iwe ndogo kuliko nguvu za waya.

Je, fyuzi ikae wapi? Wengine huiweka nyuma ya kibao, kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Hapo haifai. Ikiwa waya una urefu wa mita 3, basi mita zote 3 hazina mlinzi. Wekeni fyuzi karibu kabisa na betri, upande wa chanya, umbali usiozidi upana wa viganja viwili.

Kazi ifuatwe hivi. Kwanza, fungueni waya wa hasi kwenye betri. Tukianza na chanya, spana ikigusa bodi ya gari, cheche zitaruka. Pili, toboeni tundu la kupitishia waya, na kulivika mpira, ili ukali wa bati usiukate waya gari linapotikisika njiani. Tatu, ungeni chanya na hasi kwenye kibao, na kukaza skrubu zote. Waya uliolegea hupata moto. Nne, rudisheni waya wa hasi mwisho wa kazi yote.

Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu kwanza. Msitie kipande cha waya wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Neno la mwisho. Umeme wa volti 230, kama ule wa nyumbani, huua. Huo mwachieni fundi mwenye leseni.

Maneno ya kusoma na kuandika: betri, fyuzi, waya, soketi, chanya, hasi.

Maswali:
1. Fyuzi inalinda nini?
2. Kwa nini tunafungua waya wa hasi kwanza?
3. Pampu ya maji ina wati 48. Kwa volti 12, ni ampea ngapi?