Kutoka Damu Kusikokoma kwa Watoto wa Kiume

Yafuatayo ni mazungumzo ya afya yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi.



Nimetakiwa nizungumzie ugonjwa wa nadra mno, na pengine wengi wenu hamtakutana nao. Nimekubali kwa sababu unagusa mambo tunayoyatenda bila ya hadhari: kumtahiri mtoto, kumng'oa jino, kumpa aspirini.

Ugonjwa huo huitwa kwa kifupi XMEN, nao ulielezwa mwaka 2011 na watafiti wa Marekani. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya MAGT1, iliyomo katika kromosomu ya X. Kazi ya jeni hii ni kusaidia kuzivisha protini minyororo ya sukari. Sukari hiyo si ile ya chai. Ni vazi ambalo bila yake protini nyingi hazitimizi wajibu wake. Chembe za kinga zikilikosa, hushindwa kuviangamiza virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo, ambavyo karibu watu wazima wote wanavyo bila ya madhara, viligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani ya mgonjwa kutoka Uganda. Kwa mwenye XMEN huweza kuleta saratani ya tezi.

Vazi hilo hilo huhitajiwa na chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Likipungua, chembe hazishikani sawasawa na damu huendelea kutoka. Madaktari waliowapandikiza wagonjwa uboho ili kuwaponya walikuta baadhi yao wakitokwa na damu vibaya, hata kufa.

Hapa ndipo penye mtego. Kipimo cha kawaida cha damu huhesabu chembe sahani. Hakionyeshi kama zinafanya kazi. Mtoto aweza kuwa na hesabu nzuri na bado akatokwa na damu usiku kucha. Mzazi akijibiwa kwamba damu ni nzima, na aulize kwa adabu: je, utendaji wa chembe umepimwa?

Mama mwenye jeni hii kwa kawaida haugui, lakini kila mtoto wa kiume amzaaye ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Basi asilaumiwe, wala asitafutwe mchawi. Bora tuulize habari za upande wa mama: yuko mjomba aliyetokwa na damu nyingi alipotahiriwa, au aliyeugua mara kwa mara tangu utotoni? Akiwapo, daktari aelezwe kabla ya wembe kumgusa mtoto, maana magonjwa mengine ya damu, yaliyo mengi kuliko hili, nayo hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mtoto huyo asipewe aspirini wala ibuprofeni mpaka achunguzwe. Akiwa na homa, parasitamoli kwa kipimo chake haizidhuru chembe sahani.