Chakula cha Mchana cha Mtoto: Kifungwe kwa Busara, Si kwa Gharama

Maelezo kwa wazazi na walezi katika mikutano ya kufungua muhula, shule za chekechea na za msingi



Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea pamoja na zahanati na vituo vya afya viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo anachokula mtoto kati ya kengele ya asubuhi na ya kurudi nyumbani kinaihusu kaunti moja kwa moja. Lakini mkoba wa mtoto haufungwi ofisini. Unafungwa nyumbani na mama, baba, nyanya au dada mkubwa, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza. Maneno haya ni ya huyo.

Katika nyumba nyingi za Pwani, mtoto huondoka na shilingi 20 mkononi badala ya chakula. Langoni mwa shule kuna mabuyu ya rangi, achari, barafu na viazi karai. Mtoto hushiba kwa muda mfupi, kisha darasa la mchana humkuta amelala juu ya dawati. Shilingi 20 kwa siku ni 100 kwa wiki, na kwa wiki kumi ni 1,000. Pesa hizo hununua trei ya mayai na chenji ikabaki. Mzazi anayesema hana uwezo wa kufunga chakula huenda tayari anakilipia, ila kwa kidogo kidogo na mahali pasipofaa.

Mlo kamili una makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Muhogo peke yake unatia nguvu lakini haujengi. Mkate mweupe na chai ni hivyo hivyo. Kila mkoba uwe na kitu kimoja kutoka kila kundi, na kitu hicho kibadilike siku hadi siku. Kwa mfano:

Jumatatu: viazi vitamu vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa, njugu karanga zilizopondwa, na ndizi mbivu.

Jumanne: chapati iliyokandwa na karoti ya kukuna, pojo nzito, na chungwa.

Jumatano: muhogo wa kuchemsha, dagaa wakavu waliokaangwa, na embe likiwa katika msimu.

Alhamisi: githeri ya mahindi na kunde iliyotiwa mchicha, na ndimu ya kukamulia.

Ijumaa: mahamri, mbaazi zilizopikwa bila nazi, na pera.

Machungwa, ndimu na mapera hayakuwekwa hapo kwa ajili ya utamu tu. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika kunde, pojo na mboga za majani. Chai hufanya kinyume chake: ikinywewa pamoja na chakula, huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Mtoto abebe maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na chai ibaki ya wakati mwingine. Kiazi cha rangi ya machungwa, embe, papai na mboga za kijani hulinda macho na kinga ya mwili. Mboga zikipikwa kwa mafuta kidogo, mwili huzifaidi zaidi.

Njugu zipondwe kwa watoto wa chekechea, kwa sababu punje nzima inaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitano. Yai nalo ni bora mtoto alile nyumbani kabla ya kutoka, likiwa bado moto.

Hapo ndipo penye jambo zito kuliko yote: joto. Chakula kilichopikwa saa kumi na mbili asubuhi huliwa saa sita na nusu mchana, yaani baada ya zaidi ya saa sita. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Vijidudu huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na mkoba wa mtoto uko katikati ya kiwango hicho. Mchuzi wa nazi huchacha upesi. Wali wa jana ni hatari hata ukipashwa moto, kwani sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu haiondolewi na moto wa kupasha.

Mwenye themosi ya chakula aimwagie maji yanayochemka, aifunike kwa dakika chache, ayamwage, kisha atie pojo au githeri ikiwa inatoka jikoni na kufuka mvuke. Asiye na themosi achague vyakula vikavu: viazi, muhogo, chapati, dagaa waliokaushwa vizuri. Matunda yabebwe mazima na yaoshwe mapema. Chakula cha moto kisitiwe katika makopo ya rangi au ya dawa za shamba, hata yakisafishwa vipi.

Nafaka na njugu zilizoota kuvu zitupwe, wala zisichambuliwe ili kuokoa zilizo safi machoni. Mwaka 2004, watu 125 walifariki katika eneo la Ukambani kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya kuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Limebaki moja, nalo ni aibu. Kuna watoto wanaoficha muhogo wao chini ya dawati kwa sababu jirani ana mkate wa dukani. Muhogo wenye dagaa na embe ni mlo bora kuliko mkate mtupu, na mtoto anapaswa kulisikia hilo kutoka kwa mzazi na kwa mwalimu pia. Walimu wanaombwa wasiruhusu chakula cha mtoto yeyote kuchekwa.

Nyumba ambayo kweli haina cha kufunga isimzuie mtoto kwenda shule. Mzazi azungumze na mwalimu mapema, na amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Mhudumu huyo ana utepe wa kupima mkono wa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ukisoma manjano au nyekundu, mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja siku ya kliniki.

Haba na haba hujaza kibaba. Kiazi kimoja, konzi ya dagaa na pera moja, kila siku ya shule, ndiyo haba yenyewe.