Jina Jipya, Dhana ya Zamani: Mabadiliko ya Istilahi katika Programu za Kufuatilia Kazi

Mhadhara huu unajadili mkanganyiko unaozuka pale ambapo dhana hupanuka huku jina likibaki lilelile, au jina hubadilishwa huku dhana ikibaki ileile. Uwanja unaochunguzwa ni programu za kompyuta za kufuatilia kazi, yaani zile zinazohifadhi orodha ya mambo ya kutekelezwa, watekelezaji wake na hatua iliyofikiwa.

Bugzilla, iliyotolewa kwa umma mwaka 1998, ilikusudiwa kuorodhesha kasoro za programu nyingine. Kila rekodi iliitwa “bug”, neno la Kiingereza lenye maana ya msingi ya mdudu. Hata ombi la kuongezewa uwezo mpya liliandikwa chini ya jina hilo. Mwaka 2002 kampuni ya Atlassian ya Australia ilitoa Jira, ambayo jina lake limefupishwa kutoka Gojira, jina la Kijapani la dubwana Godzilla. Rekodi za Jira ziliitwa “issue”, yaani suala. Kasoro ikawa hiponimu, aina moja tu miongoni mwa aina za masuala.

Hata hivyo, upanuzi haukukomea hapo. Idara za sheria, uajiri na masoko zilipoanza kuitumia Jira, kuandaa mkataba nako kukawa “issue”, ilhali katika Kiingereza cha kila siku neno hilo hudokeza tatizo. Mwaka 2025 Atlassian ilianza kulibadilisha kwa istilahi yenye maana ya kipengele cha kazi. Lakini jina kongwe lilibaki katika anwani ambazo programu nyingine huzitumia kuwasiliana na Jira, na katika miongozo ya awali. Anayejifunza huona jina moja kwenye skrini na jingine kwenye mwongozo, akadhani ni vitu viwili.

Azure DevOps ya Microsoft inaonyesha hali iliyo kinyume. Katika utaratibu wake uitwao Basic, “issue” ni kazi ya kawaida. Katika ule uitwao Agile, neno hilohilo hutaja kikwazo kinachozuia kazi. Hapa jina ni moja, dhana ni mbili.

Jambo hili linakihusu Kiswahili moja kwa moja. Mfasiri aliyefuata neno angeandika “mdudu”, kisha “tatizo”, na mara zote mbili angepotoka. Aliyefuata dhana angeandika “kasoro”, kisha “suala” au “kazi”. Eugen Wüster, mwasisi wa nadharia ya istilahi, alisisitiza kuwa dhana moja iwe na istilahi moja. Kanuni hiyo ni njema, ila haitoshi pale dhana yenyewe inaposogea. Kiswahili nacho kina kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa chombo kimoja, ingawa BAKITA imekuwapo tangu 1967.

Hivyo basi, kamusi ya istilahi isiishie kupanga visawe vya Kiingereza na Kiswahili. Kila kidahizo kionyeshe fasili ya dhana, mwaka ambao istilahi ilikubaliwa, na jina lililotangulia. Kulifuta jina la zamani kwenye skrini ni kazi ya siku moja. Nyaraka zilizoandikwa kwalo zitaendelea kusomwa kwa miaka mingi, na msomaji wake anastahili kuonyeshwa njia.