Mtaa Ukitangazwa wa Kihistoria, Mwenye Nyumba Afanyeje?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia)

Tumeitana kwa sababu ya ule uvumi kwamba mtaa wa zamani hapa mjini utatangazwa na serikali kuwa wa kihistoria. Wengine wanasema nyumba zitachukuliwa. Wengine wanasema watalii watamwaga pesa. Sisi tunaona tuanze na mahali ambapo jambo hili limekwisha kufanyika, yaani Lamu.

Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 1986, chini ya sheria ya mambo ya kale ya wakati ule. Mwaka 2001 shirika la UNESCO likauweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu iliyoingia katika orodha ile ni hekta 16 tu, karibu ekari 40. Wengi wenu mna shamba dogo kuliko hilo, lakini si sana! Na humo ndani watu wanaishi: wanapika, wanaoza watoto, wanazika wazee wao. Hiyo ndiyo shida na ndiyo baraka. Gofu kama Gede halina mtu wa kudai choo kipya. Mtaa una watu.

Je, nyumba zilichukuliwa? La. Mwenye nyumba alibaki mwenye nyumba. Kilichobadilika ni kwamba hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya nyumba bila kibali. Hapo ndipo mfuko unapoanza kulia, maanake nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Fundi alifuata urefu wa mti. Kuna daka mlangoni pa kukaa wageni, na mahali pengine kuna wikio, chumba kinachopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa. Ni kazi ya akili kabisa. Lakini kuitengeneza upya si sawa na kununua mabati dukani.

Na tukubali kosa letu hapa. Miaka iliyopita tulikisaidia kikundi kimoja cha kina mama kutoa mkopo kwa mjane mwenye nyumba ya namna hiyo. Ukuta ulikuwa unamwagika. Sisi na diploma zetu tukasema, pigeni saruji, itadumu. Hatukumwuliza fundi mzee hata mmoja. Baada ya mvua kadhaa saruji ikabanduka vipande vipande na jiwe la ndani likawa unga, kwa kuwa ukuta wa matumbawe hunyonya maji na chumvi, na saruji huyafungia ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue. Mama yule alibaki na deni na ukuta mbovu kuliko mwanzo. Kikundi kilisamehe nusu ya mkopo. Nusu nyingine alilipa kwa kuuza mandazi, na sisi tukiona.

Kwa hiyo masharti ya uhifadhi hayakutungwa kwa ukorofi tu. Lakini sharti bila msaada humwelemea maskini. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko nayo iliguswa. Wakati ule mtu aliambiwa atumie boriti, na boriti ilikuwa haikatwi! Halafu kuna mambo ya urithi. Nyumba moja ina warithi wengi, huyu yuko Mombasa, yule Uarabuni, na hakuna anayetaka kutoa ya ukarabati. Huko Lamu wageni kutoka Ulaya walinunua nyumba nyingi na kuzitengeneza vizuri sana. Nyumba ikapona, jamaa wakahamia pembeni ya mji. Hatuwalaumu waliouza. Mwenye njaa huuza. Ila tujiulize mtaa umehifadhiwa kwa ajili ya nani.

Sasa sheria inayotumika ni ile ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Sikilizeni vizuri hapa. Waziri akitangaza kusudi lake katika gazeti rasmi, mwenye pingamizi anapewa miezi miwili kuiwasilisha. Kisha Waziri anazifikiria pingamizi, anathibitisha tangazo au analiondoa. Miezi miwili! Nani kati yetu husoma gazeti rasmi? Hebu inua mkono. Haya, mnaona. Na kuandika si lazima upinge kabisa. Unaweza kueleza kwamba mstari wa mpaka umekata kiwanja cha familia, au kwamba wenye nyumba wanahitaji kusaidiwa chokaa na fundi.

Ninyi wa vijijini msiseme haya ni ya watu wa mjini. Chokaa inachomwa na nani? Makuti yanashonwa na nani? Mtaa ukihifadhiwa, kazi hizo zitatakiwa miaka yote, na mafundi wanaozijua wamezeeka. Kikundi cha vijana kinaweza kumwomba mzee mmoja awafundishe kupiga chokaa kabla hajaondoka na ujuzi wake. Mpeni posho, msimfanye wa bure.

Tumekubaliana na katibu wa parokia aulize ofisi ya kaunti kila mwezi kama tangazo limetoka, na likitoka litasomwa baada ya Misa, na nakala ipelekwe msikitini siku hiyo hiyo. Kila kikundi kilete majina ya wanachama wenye nyumba au fungu la urithi katika mtaa ule. Leteni mkutano ujao, na hati kama zipo. Kama hati iko kwa mjomba, anzeni kumtafuta sasa.